Koti la Kiti: Maisha ya Fundi Népomuscène Barutwanayo, 1944–2004

Padri, wafiwa, majirani wa Buyenzi na Bwiza, na nyinyi nyote wa baraza za Asiatique. Maneno haya yameandikwa na Sylvère, mdogo wa marehemu, aliyefanya kazi naye baraza moja kwa zaidi ya miaka thelathini akimshonea matundu ya vifungo. Familia imemwomba aandike kwa utaratibu: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa, kifo. Utaratibu upo, na tarehe zimehakikishwa na mjane. Ila marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kutulia, na wasifu wake nao hautatulia sana. Mtatuvumilia.

Népomuscène Barutwanayo alizaliwa tarehe 16 Mei 1944 huko Kiganda, mkoa wa Muramvya, mtoto wa kwanza wa Mzee Aloys na Mama Régine. Jina alipewa na padri wa misheni, aliyefungua kalenda, akamkuta mtakatifu wa siku ile, akaliandika hivyo hivyo bila kuwauliza wazazi kama wataweza kulitamka. Hawakuweza. Mama Régine alimwita Nepo mpaka alipofariki, na mji wote ukamfuata. Mama huyo alikuwa akisimulia kwamba mtoto wake hakutambaa. Alitoka mgongoni akasimama, akaanza kutembea, na tangu hapo kumrudisha ndani ikawa kazi ya siku nzima.

Shule alisoma palepale Kiganda, kwa mapadri, kuanzia mwaka 1952 hadi 1958. Hesabu alizijua, mwandiko ulikuwa mzuri, shida ilikuwa benchi. Alikuwa akisimama katikati ya somo bila habari, anakwenda dirishani, anarudi. Mwalimu alimchapa akachoka, mwisho akampa kengele ya shule aigonge yeye, apate sababu halali ya kutoka. Marehemu aliihesabu hiyo kuwa ajira yake ya kwanza, na alikuwa akiitaja kwa majivuno hata mbele ya watu wenye shahada.

Mwaka 1961, akiwa na miaka kumi na saba, aliteremka mjini, ambao siku zile uliitwa Usumbura. Alipokelewa Buyenzi na Fundi Twalibu, Mungu amrehemu naye, fundi cherehani aliyekuwa akiwashonea masheikh kanzu na Wabelgiji suruali, na wote akiwakaripia sawasawa. Twalibu alimlaza nyumbani kwake, akamlisha, akamfundisha Kiswahili kabla ya kumfundisha kola. Mwezi wa kwanza alimfanya akanyage cherehani isiyo na uzi. “Mi sikufundishi kushona bado,” alimwambia. “Nakufundisha kukaa.” Kushona alijifunza. Mwaka 1968 akapewa nafasi yake mbele ya duka la vitambaa la Twalibu huko Asiatique, mtaa wa maduka, duka ambalo leo ni la mwanawe, Faruk. Cherehani yake haikuhama hapo tena. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa akihamahama kutwa: kupima mteja, kukimbilia vifungo, kumpelekea mtu suruali ofisini, kurudi, kukanyaga mshono mmoja, na kuondoka.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na Jovithe katika parokia ya Buyenzi. Padri alimwomba akae mara tatu. Mara ya tatu akamkuta bwana harusi amepiga magoti, wote wakadhani anasali, kumbe ana sindano mdomoni, anarekebisha upindo wa gauni la bibi harusi uliokuwa umelegea upande wa kushoto. “We Nepo, kaa basi!” Jovithe alimnong'oneza, na kanisa zima likasikia. Neno hilo ndilo lililoendesha nyumba yao kwa miaka thelathini na minne. Mungu aliwajalia watoto wawili, Astère na, baada ya kungoja sana, Chanelle. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji, ulipita nyumbani Kiganda ukamchukua Mzee Aloys, na hapo ndipo Sylvère, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alipoletwa barazani na kukabidhiwa sindano. Hilo tunalisema kwa kifupi. Linatutosha.

Sasa tufike kwenye koti la kiti. Wengine hapa wanalijua, na wengine, tusifichane, wamewahi kulinunua.

Kuanzia miaka ya themanini mafundi wa Asiatique walikuwa wakishona aina mbili za koti. Moja ni la kuvaa. La pili ni la wakubwa wa maofisini kule Rohero: unalitundika kwenye mgongo wa kiti asubuhi, halafu unakwenda zako kwenye mambo yako. Mtu akija kukuuliza, karani anaonyesha koti. “Mukubwa iko, koti yake si ile?” Mwananchi anaridhika, anakaa kungoja. Mwanzoni watu walikuwa wakiacha koti zao halisi, mvua ikawanyeshea huko walikokwenda. Marehemu ndiye aliyeona nafasi. Alibuni koti lisilo na bitana, mifuko imeshonwa ikafungwa, mikono imeshikizwa kwa nyuzi chache tu, mabega mapana ya kujaza kiti. Kitambaa kilitumika nusu, na kazi iliisha kwa siku moja. “Hili halivaliwi,” alikuwa akimwambia mteja kwa sauti ya daktari anayetoa dawa. “Likivaliwa litakuaibisha.” Baraza zima lilicheka. Sylvère alicheka kuliko wote, maana koti la kiti halikuwa na matundu ya vifungo, na siku hiyo alikuwa anapumzika.

Vita vilipoanza Oktoba 1993, watu walidhani vitachukua mwezi. Miaka mitatu baadaye mipaka ilikuwa imefungwa na nchi jirani, petroli haipatikani, kitambaa kipya hakiji, mafundi wakawa wanageuza koti kuukuu nje-ndani. Desemba 1996 parokia ilianza kuleta mafurushi ya nguo zilizochanika kutoka kambi za waliokimbia makwao kule milimani, upande wa Muramvya. Marehemu alizichukua zote, alizishona bila malipo. Wale walikuwa watu wa kwao. Faruk hakutaka furushi mbele ya duka, kwa hiyo nguo zilikaa nyumbani, kwenye chumba cha Chanelle. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na minne. Alimsaidia baba yake kufumua mishono, na alipenda kusoma masomo yake akiwa amelala juu ya furushi, kwa kuwa lilikuwa laini kuliko godoro lake.

Jumamosi tarehe 1 Februari 1997, Chanelle alianguka na homa. Kituo cha afya kilisema malaria, akanywa kwinini siku tano. Homa haikutikisika. Wakasema basi ni tifoidi, akapewa vidonge vingine. Homa ikapanda, kichwa kikawa kinamuuma mpaka hataki mtu afungue dirisha, na akaanza kumwita mama yake kwa jina la mwalimu wake. Jumatatu tarehe 10 alibebwa hadi hospitali moja kubwa ya mji, ambayo hatutaitaja, maana wengine wetu tutarudi huko. Daktari kijana wa mapokezi alimwangalia kwa muda mrefu, akawa mkweli.

“Mi sijui hii ni nini,” alisema. “Malaria apana, tifoidi apana. Anatakiwa Dokta Hugues, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Ni yeye peke yake hapa. Jengo la nyuma, mulango ya kijani. Lakini mufanye haraka, Mzee. Huyu mutoto hana wiki.”

Jovithe alibaki kitandani na mtoto. Marehemu na Sylvère walikwenda mlango wa kijani. Nje palikuwa na benchi na watu wapatao kumi. Mlango ulikuwa wazi nusu, meza inaonekana, kiti kinaonekana, na kwenye kiti koti la kijivu. Muuguzi mkuu, Mama Scholastique, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alitoka na faili kifuani.

“Dokta iko?” marehemu aliuliza.

“Iko. Koti yake si ile? Mukae kidogo.”

Basi alikaa. Ndugu zangu, mtu ambaye hakukaa shuleni, hakukaa harusini kwake, alikaa pale kutwa ya Jumatatu na kutwa ya Jumanne, mikono juu ya magoti, kwa heshima ya daktari, akimwogopa kuliko alivyowahi kumwogopa askari. Kila alipotaka kuinuka alitazama koti, akarudi chini. Sylvère naye alikaa. Alinunua hata karanga. Hilo la karanga Sylvère hajajisamehe mpaka leo. Jumanne jioni Chanelle hakumtambua baba yake.

Jumatano ilikuwa tarehe 12, Jumatano ya Majivu. Mama Scholastique alikuja kazini na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, akafungua dirisha la ofisi apate kufagia. Upepo ukapita. Koti likainuka upande mmoja kama shati kwenye kamba, likatua. Marehemu akasimama. Koti lenye bitana haliinuki hivyo. Lina uzito wake, linabaki limekaa. Aliingia bila kubisha hodi, akashika mfuko. Umeshonwa. Akageuza ndani. Hakuna bitana. Akatazama mshono wa bega, akaona uzi wa buluu, na akakumbuka siku moja ya Desemba iliyopita alipoishiwa uzi mweusi akasema, haidhuru, nani ataangalia?

Alitoka nalo nje likiwa mkononi, akasimama mbele ya muuguzi.

“Mama,” alimwambia, “hii koti niliishona mimi. Hii haina mwenyewe. Leo uko na majivu kwenye uso. Sasa nitazame, uniambie dokta iko wapi.”

Mama Scholastique alijigusa paji la uso, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akaanza kulia. Alisema yote. Novemba, Dokta Hugues alikuwa akirudi kutoka kambini ndani ya gari la wagonjwa, gari likapigwa risasi barabarani, na dereva wake akafia mapajani mwake. Tangu siku hiyo hajatoka nyumbani kwake Kigobe. Utawala wa hospitali ukijua, utamfuta kwenye orodha, na akifutwa, mji hauna mwingine. Ni yeye Mama Scholastique aliyemtuma ndugu yake Asiatique kununua koti, amtunzie daktari kiti chake mpaka atakapopona.

“Na hawa?” marehemu aliuliza, akionyesha benchi.

Alimkasirikia? Sylvère alitegemea hivyo, alishajiandaa kumshika mkono. Lakini marehemu alisema tu, kwa sauti ambayo Sylvère hakuwahi kuisikia kwake: “Mama, we ulinunua tu. Mi ndiye niliiuza.” Kisha akalitundika koti mkononi mwake, akaondoka nalo. Kutoka pale mpaka Kigobe ni mwendo mrefu, gari hakuna, jua limewaka. Sylvère alimfuata akihema na kulalamika. Mtu wa miaka hamsini na miwili alikuwa anatembea kama amechelewa treni, na Burundi haina treni.

Nyumba ilikuwa ya geti jeupe. Dokta Hugues alifungua mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, amevaa ndara, ndevu za siku nyingi. Mikono yake ilitetemeka, akaificha mfukoni.

“Mi sitoki,” alisema kabla ya kuulizwa. “Mama Scholastique anajua.”

“Sikuja kukulaumu, Dokta. Nimekuletea koti yako.”

“Hiyo si yangu.”

“Najua si yako. Niliishona ili idanganye watu, na imenidanganya mimi mwenyewe siku mbili. Nimekaa nikiitazama, mutoto yangu anaisha. Nilitembea mji mzima miaka hii yote nikicheka na hii koti.” Hapo marehemu alilia, na Sylvère, aliyemwona akizika baba bila chozi, hakujua aangalie wapi. “Mi sikuombi uache woga. Mi pia naogopa. Nakuomba uvae hii koti saa moja tu. Mi nitakuwa kushoto, mudogo yangu kulia. Ukishindwa tutakurudisha.”

Daktari alilitazama koti. “Ana siku ngapi za homa?” aliuliza.

“Kumi na mbili.”

“Kichwa? Anaogopa mwanga?”

“Sana.”

“Ana madoa tumboni?”

“Mama yake anasema yapo, madogo.”

Akaingia ndani. Walidhani amewafungia. Akatoka amevaa viatu, akanyoosha mkono kwenye lile koti la kijivu, akalivaa. Marehemu alimwonya: “Usiinue mikono, Dokta, haikushonwa kwa mutu.” Wakaondoka watatu, wamebanana kama watu wanaobeba kabati.

Kwenye kizuizi cha pili cha barabarani, askari aliwaamuru wasimame na kuinua mikono wapekuliwe. Daktari aliinua mikono. Mkono wa kulia wa koti ukaachia begani, ukateremka wote mpaka kwenye vidole, ukabaki unaning'inia. Askari aliruka nyuma, bunduki mkononi. Halafu marehemu, mikono yake nayo ikiwa juu, akasema: “Pardon, chef. Fundi ni mimi.”

Askari alicheka. Alicheka mpaka akawaita wenzake waje waone. Na Dokta Hugues, akiwa na koti la mkono mmoja katikati ya barabara, naye alianza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani, na walipomaliza mikono yake ilikuwa imepungua kutetemeka. Wakaruhusiwa. Njia iliyobaki daktari alitembea mbele.

Watu wa benchi walisimama wote walipoliona koti linakuja na mtu ndani. Daktari aliwasalimu, akaomba radhi, akaenda kwanza kwa Chanelle. Aliangalia macho, akafunua tumbo, akahesabu madoa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alimwomba Jovithe gauni alilokuja nalo mtoto, akaligeuza nje-ndani, akalipeleka dirishani, akapitisha ukucha polepole kwenye mshono wa kola.

“Fundi,” aliita. “Njoo uone. We unajua mishono.”

Kwenye mshono palikuwa na chawa, na mayai yao yamejipanga uzini.

“Hawa ndio wanaleta hii homa. Iko kambini kule milimani, watu wanaiita sutama. Wanakaa kwenye mishono ya nguo, si kwenye kichwa. Huyu mutoto alishika nguo za nani?”

Jovithe ndiye aliyesema habari ya furushi. Marehemu alishika ukuta. Yeye aliyekuwa akisoma mshono wa mtu akiwa ng'ambo ya barabara alikuwa ameleta mafurushi yale nyumbani kwa mikono yake, akampa mwanawe ayafumue, na hakuwahi kutazama.

“We ulitaka kuwavalisha watu,” Jovithe alimwambia. “Usiniangukie hapa, Nepo. Tukimaliza utaanguka.”

Dawa ilikuwa vidonge viwili. Viwili tu, vya kumeza mara moja. Mama Scholastique alivitafuta hospitali nzima, kwa kuwa dawa nazo zilikuwa zimekwama mipakani, akavipata chini kabisa ya droo, na akamnywesha Chanelle kwa kijiko, majivu bado yapo usoni. Ijumaa homa ilishuka. Jumamosi mtoto alifungua macho, akamtazama baba yake aliyesimama miguuni pa kitanda, akasema: “Papa, kaa basi, unanizungusha kichwa.” Jovithe alicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaamka.

Tangu hapo marehemu hakushona koti la kiti tena. Alikwenda Rohero, ofisi hadi ofisi, akawaambia wateja wake wa zamani walete yale makoti, atayatia bitana na mifuko bure, yavalike. Wengine walileta. Wengine walimwonyesha mlango. Alichukua pasi yake ya makaa, na kila nguo ya kambini iliyopita barazani aliichemsha, kisha akaipiga pasi ndani, mshono kwa mshono, polepole, yeye aliyekuwa hawezi polepole. Alipanda na magari ya parokia kwenda kuwafundisha akina mama wa kambini kufanya hivyo, na barabara zile mnazijua zilivyokuwa. Kila Alhamisi asubuhi, mpaka Juni mwaka ule, alikwenda Kigobe kumchukua Dokta Hugues, wakatembea pamoja hadi mlango wa kijani, mpaka siku daktari alipomwambia anaweza kuja peke yake. Yeye mwenyewe alijiwekea sheria moja: koti lake halitakaa kwenye kiti naye hayupo. Akitoka hata hatua kumi, alilivaa. Wengi mlimcheka, fundi anakimbia juani na koti zito. Sasa mnajua.

Mwaka 2001 aliambiwa ana presha. Dokta Hugues alimkataza kutembea juani, na ni kama alimkataza kupumua. Jumatatu iliyopita, tarehe 18 Oktoba 2004, saa nne asubuhi, alikuwa amemaliza kupiga pasi furushi la nguo za watoto, na gari la parokia lilikuwa linaondoka. Joto lilikuwa kali. Alilivua koti akalitundika kwenye kiti.

“Leo koti kwenye kiti, kaka?” Sylvère alimtania.

“Narudi sasa hivi,” alisema, akaondoka na furushi.

Nguo zilifika kwenye gari. Yeye alianguka akiwa njiani kurudi, hatua chache kutoka barazani. Ilikuwa kiharusi. Alilazwa, na Dokta Hugues alikuja kila siku. Alisema huu si ugonjwa wake, akawaleta wenzake wanaoujua, na walipomaliza alibaki amekaa kando ya kitanda, ameshika mkono uliokufa. Jumatano mchana marehemu alipata maneno. Sylvère alidhani ataomba padri, au maji.

“Koti yangu iko wapi?”

“Iko kwenye kiti, kaka. Kwa Faruk.”

“Mukaitoe. Watu watangoja.”

Sylvère alisema: “Kesho.” Alisema kesho kwa sababu hakutaka kuondoka pale. Na kwa sababu, aseme ukweli, koti likiwa pale barazani, kaka yake bado alikuwa karibu, ametoka tu kidogo. Alhamisi tarehe 21 Oktoba 2004, saa tatu asubuhi, Fundi Népomuscène alifariki, Jovithe akiwa amemshika mguu na Chanelle kichwa. Sylvère hakwenda kwa Faruk, siku ile wala jana.

Marehemu ameacha mjane, Jovithe; mwana, Astère, pamoja na mkewe; binti, Chanelle, anayesoma chuo kikuu mwaka wa pili; wajukuu watatu; mdogo wake Sylvère; na Faruk, aliyefunga duka lake tangu Jumatatu na kushinda hospitalini akiwa amefunga Ramadhani, ndugu yetu kwa baraza. Tunamshukuru Dokta Hugues, Mama Scholastique, parokia, na wote waliotushika mkono.

Hapa wasifu ulikuwa umeisha, na karatasi zimekwisha kuchapwa. Haya yaliyobaki yameongezwa kwa kalamu leo asubuhi. Faruk alipita dukani saa mbili kuchukua mwavuli, akamkuta mama mmoja kutoka Kanyosha amekaa barazani, kitambaa cha sare ya shule ya mwanawe mapajani. Alikuwa hapo tangu saa moja. Faruk alimuuliza anamngoja nani. Mama akaonyesha kiti. “Fundi iko,” alisema. “Koti yake si ile?”

Faruk alimpigia simu Chanelle, na Chanelle ndiye aliyekwenda, akamshika yule mama mkono, akamweleza, kisha akalitoa koti kwenye kiti kwa mikono yake. Mama yule hakurudi Kanyosha. Yuko nasi hapa, amesimama kule nyuma, kitambaa chake kwenye mfuko. Sare hiyo, Mama, Sylvère ataishona Jumatatu, na bitana ataitia.

Koti liko hapa mkononi. Ni zito, lina mifuko inayofunguka, lina chaki ndani. Litashuka naye kaburini.

Kaa sasa, kaka, upumzike. Koti tumelitoa. Hakuna anayengoja.